Mama Aliyejibu Vizuri Kuliko Wote Galbet

Vijana wa kituo cha afya, siku mliyonipikia pilau ya kuniaga mlinisimamisha niseme neno. Nikasimama, nikashukuru kwa chakula, nikaketi. Baadaye mmoja wenu alinifuata hadi langoni akaniambia, "Mzee Komora, yale hayakuwa maneno. Tuandikie." Basi ndiyo haya. Vyeo sitavitaja maana havikuwa vingi, na semina nitaziruka kwa kuwa ninachokumbuka zaidi ni chakula cha mchana. Nitaandika juu ya kazi ya kutembelea nyumba, na hasa nyumba moja ya mtaa wa Galbet, hapa Garissa, ambayo hadi leo nikiifikiria nachanganyikiwa upya. Mkitafuta fundisho humu, mtalitafuta wenyewe.

Nilifika Garissa kutoka Hola nikiwa na ndevu tatu na Kisomali cha maneno manne, na mawili kati ya hayo yalikuwa salamu. Aliyenipokea ni Sista Rukia, muuguzi mnene, mpole, ambaye hakuwahi kuharakisha jambo lolote isipokuwa swala. Alinikabidhi vitu vinne: mizani ya kuning'iniza yenye suruali ya kitambaa ya kumtia mtoto, utepe wa kupimia mkono wenye kijani, manjano na nyekundu, kadi za picha, na daftari. Akaniambia, "Vitatu vya kwanza vinasema kweli. Hilo daftari uliangalie vizuri."

Siku hiyohiyo nilifanya kosa langu la kwanza. Tulifika nyumba moja, nikapiga hodi, nikasogeza pazia niingie kama tunavyoingia kwetu. Sista Rukia alinivuta shati kwa nyuma hadi kifungo kikakatika. Ndani kulikuwa na mama na mkwe wake, hakuna mwanamume. Nyumba isiyo na mwenyewe mwanamume, mwanamume wa nje haingii, awe daktari au awe nani. Nikauliza sasa nitafanyaje kazi. Akasema, "Utasimama nje. Mdomo wako utaingia."

Na hivyo ndivyo nilivyofanya kazi miaka yote. Mhudumu wa jamii, ambaye ni mwanamke, anaingia. Mimi nasimama kwenye kivuli cha ukuta, kama kipo, nauliza maswali kupitia pazia. Yeye anatafsiri, mama anajibu, jibu linarudi nje. Mtoto analetwa kwangu, nampima kwenye boriti ya baraza, namrudisha. Nimeifahamu mikono ya watoto wa Galbet kuliko nyuso za mama zao. Mapazia nayo nayajua yote, ya maua, ya mistari, na lile moja lenye picha ya jiji la Ulaya ambalo mwenyewe hakuweza kuniambia ni lipi.

Sista Rukia alinifundisha mengi, lakini mawili niliyashika sana. La kwanza: ukishafundisha, mwambie mama akurudishie somo kwa maneno yake mwenyewe. Akilirudisha, amelielewa. La pili lilikuwa la unyonyeshaji. Alisema, "Usimuulize mama kama mtoto ananyonya. Kila mama atakwambia ananyonya. Sikiliza kumeza." La kwanza nililitumia kila siku na nikajisifu nalo. La pili nililisahau, maana lina usumbufu, na kadi mpya zilizokuja baadaye hazikulitaja.

Tuje sasa kwa nyumba yenyewe. Wakati huo nilikuwa nikitembea na Habiba, mzaliwa wa Galbet, mwanamke wa maneno machache na hatua ndefu. Ulikuwa mwaka wetu wa tisa pamoja. Kulikuwa na mradi mpya wa kuwatembelea mama waliojifungua, na kila mama alikuwa na fomu yake. Mmoja aliitwa Nasteha. Ameolewa kutoka Banissa, amesoma hadi kidato cha nne, mumewe Dakane anafanya biashara Mandera na kuja nyumbani anakuja kwa nadra. Anaishi na mama mkwe anayeuza maziwa ya ngamia sokoni, ambaye mimi sikuwahi kumwona, na nikaona ni sawa tu kwa kuwa asubuhi ni saa zake za soko. Mtoto ni wa kiume, wa kwanza, anaitwa Mahad. Siku yetu ilikuwa Jumanne.

Tulianza akiwa ndani ya zile siku arobaini, ambazo mama hatoki wala hatakiwi kufanya kazi. Nikafundisha kuosha mikono, nikafundisha maziwa ya mama peke yake, nikafundisha dalili za hatari. Nikasema, "Nirudishie." Kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti ya chini, iliyotulia, ikarudisha somo lote kwa Kisomali bila kuruka jambo, na kwa mpangilio ule ule niliousema. Habiba alitafsiri huku nikimfuata kwenye kadi. Hakukosea hata moja.

Jumanne iliyofuata hivyohivyo, na zilizofuata pia. Niliwaambia wenzangu kituoni kwamba kuna mama Galbet anajibu kuliko sisi. Nikasema, mnaona faida ya elimu? Mtoto wa kike akisoma, kazi yetu inakuwa nusu. Nilisema hivyo mara nyingi, na mbele ya watu.

Fomu ilikuwa na swali moja karibu na mwisho, ambalo wengi wetu tuliliuliza tukiwa tunafunga kalamu: katika wiki mbili zilizopita, umekuwa na huzuni au umekosa hamu ya mambo? Sauti ilijibu, "Alhamdulillah." Nikatia alama kwenye hapana. Mara ya pili, "Alhamdulillah," hapana. Sijui nilitarajia nini. Katika miaka yangu yote Garissa sijakutana na mtu aliyeulizwa hali yake akaanza kumlalamikia Mungu mbele ya mgeni. Aliyefiwa atakujibu alhamdulillah, na aliyefukiwa na mchanga wa lori, akiwa bado ana pumzi, atakujibu vivyo hivyo.

Mahad alipoingia mwezi wake wa tano alianza kupungua. Mwezi wa saba utepe ulitoka kijani ukaingia manjano. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Mimi nimezoea kwamba mtoto akikonda kuna kitu mama hajui, unamfundisha, anajua, mtoto ananenepa. Huyu alijua kila kitu. Tukampeleka Mahad kituoni, Habiba akimbeba, akapimwa malaria, minyoo, kifua. Hakuna. Tukamwanzishia zile pakiti za njugu zilizosagwa, dawa ya watoto waliokonda. Wiki mbili, hakuna kilichobadilika. Wiki ya tatu akashuka.

Mtu aliyechanganyikiwa hutafuta mwenye kosa, na mimi nikampata haraka. Nikamwambia Habiba, "Pakiti zinaliwa na wengine. Wanagawana." Inatokea, hilo mnalijua. Habiba alitazama viatu vyake, akasema, "Hakuna mwingine wa kula hapo, Daktari." Daktari ndivyo walivyoniita wote Galbet. Nikamuuliza sasa chakula kinakwenda wapi. Akasema hajui. Habiba alikuwa mtu wa kusema hajui mara moja kwa mwaka, nami sikushtuka.

Jumanne hiyo nilisimama nje ya pazia nikatoa hotuba. Nilisema pakiti ni dawa, si biskuti. Nilisema mtoto anaweza kufa ndani ya nyumba yenye mama msomi. Sauti ikanirudishia hotuba yangu nzima, kwa utulivu uleule, hadi na ile ya biskuti. Nilikasirika kuliko nilivyokasirika siku nyingine yoyote kazini. Mahad alikuwa mikononi mwangu, mwepesi, ametulia kwa namna ambayo mtoto wa miezi saba hapaswi kutulia.

Ndipo Sista Rukia, aliyekwisha kufariki zamani, akanijia kichwani na kile kifungo changu. Nikampa Habiba mtoto. "Mwambie amnyonyeshe sasa hivi. Mimi nitasimama hapa nisikilize akimeza."

Habiba hakusogea. "Daktari, tumechelewa nyumba ya pili."

"Nyumba ya pili itasubiri."

Akaingia. Nikaweka sikio karibu na kitambaa. Nikasikia mtoto akilia kidogo, kilio cha kuomba, kisha akanyamaza, kisha akalia tena. Nikasubiri kumeza. Hakuna. Nikasubiri hadi kivuli kikahama mguuni pangu. Halafu pazia likasogezwa kutoka ndani, akatoka mwanamke mrefu, ambaye nywele zake za mbele zimetiwa hina, na Mahad begani. Hakuwa msichana wa kidato cha nne. Hakuwa amefika hamsini, lakini umri wa kuitwa bibi alikuwa ameufikia.

"Hakuna maziwa hapa," akasema kwa Kiswahili cha sokoni, akijigusa kifua. "Hii imekauka zamani. Sasa umejua."

Ilikuwa ni ile sauti.

Nilimtazama Habiba. Kikulacho ki nguoni mwako, hilo ndilo lililonijia, nami nililisema. Alijibu bila kuinua macho, "Mimi natafsiri, Daktari. Hukuniuliza hata siku moja ni nani anajibu." Kisha akaongeza, taratibu, "Huyu ni eddo yangu." Yaani shangazi yake, dada ya baba yake.

Tulikaa barazani, mimi mwisho wa mkeka huu na yeye mwisho wa ule, pazia likiwa limefungwa nyuma yetu. Huyu ndiye mama mkwe niliyedhani yuko sokoni; nitamwita Ayeyo, bibi, kama wote walivyomwita. Alieleza kwamba Nasteha alinyamaza tangu siku ya saba baada ya kujifungua. Mwanzo waliona ni uchovu, na arobaini ni siku za kupumzika. Sisi tulipokuja na maswali, msichana akageukia ukuta, na Ayeyo akaona aibu mgeni asimame juani bila jibu. Akajibu. Wiki iliyofuata akajibu tena, na Jumanne akawa haendi sokoni. Hajawahi kuingia darasani. Masomo yangu aliyashika kwa kusikia mara moja, kama alivyoshika juzuu zake utotoni.

"Maneno yako mimi nashika yote," alisema. "Nafanya yote. Mtoto namweka kwa titi ya mama yake, hadi maziwa ikaanza kuisha. Lakini siku zingine mimi niko soko hadi adhuhuri. Mtoto yuko na mama yake. Analia, mama yake anamwangalia. Bakiti iko hapo, karibu na mkono. Mkono hainuki."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyechelewa kuzaliwa.

"Kwa nani? Wewe unaandika. Ukiandika huyu ni wazimu, kitabu inaenda serikali. Watu yake watasikia Banissa, watakuja kumchukua. Mimi nimeona msichana amefungwa kamba kwa mti, wallahi, miaka miwili, wanasema ni jini. Na mtoto yangu akisikia huko Mandera, atasema nini? Huyu msichana ni wangu. Mimi naogoba."

Nikamtolea ile methali yetu ya kituoni, mficha maradhi kifo humuumbua. Habiba hakuitafsiri. Ilikuwa imebandikwa ukutani pale kituoni miaka mingi, na kwa mara ya kwanza nikaona inavyosikika ukiwa upande wa pili.

Sasa nilitakiwa kueleza ugonjwa ambao mwenyewe sikuuelewa, kwa lugha nisiyoijua, kwa mtu aliyenizidi akili. Habiba alijaribu neno la Kisomali la huzuni, murugo. Ayeyo akacheka kwa pua.

"Murugo nani hana? Ukame imemaliza ngamia yetu yote. Mimi niko na murugo ya ngamia thelathini. Lakini asubuhi naamka, nauza maziwa ya ngamia ya watu wengine."

Kusema kweli, moyoni nilikuwa upande wake. Msiniambie nyinyi mngekuwa na jibu, maana nimewasikia mkijibu.

Kesho yake nilikwenda hospitali kubwa kumtafuta Sista Nuru, muuguzi wa magonjwa ya akili, ambaye ofisi yake niliipita miaka mingi nikidhani ni stoo. Nikamweleza yote, pamoja na ngamia. Nikamuuliza kwa nini ugonjwa huu umshike huyu na si mama mkwe wake. Akasema, "Sijui, mzee. Malaria ikimshika mmoja na kumwacha mwingine, wamelala chandarua kimoja, wewe huwaambia nini?" Nikauliza, sasa mama msomi, anayejua kila kitu? Akasema kujua hakumwinui mtu kitandani. "Wewe ulimpima anachojua. Hukumpima anachoweza." Aliyasema hayo bila ukali, akinimiminia chai, na bado nilitamani nisingeketi.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia Dakane. Ayeyo alikataa kwa siku nne, na katika siku hizo nne Mahad hakupanda hata kidogo. Nilikuwa nikipita kila alasiri na utepe, nikiuzungusha kwenye mkono ule, nikiogopa rangi nyekundu kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Siku ya tano Ayeyo alimpigia simu mwanawe mbele yetu barazani, sauti imefunguliwa ili tusikie. Alizungumza muda mrefu. Mwishowe ukaja mlio tu wa magari ya Mandera. Ayeyo alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili.

Kisha Dakane akasema, na Habiba akanitafsiria kwa kunong'ona: "Nikimpigia alikuwa anapokea, lakini hasemi. Anapumua tu. Nilidhani amenikasirikia kwa kukaa mbali, nikaacha kupiga. Hooyo, mbona hukuniambia?" Hooyo ni mama. Ayeyo aliifunika simu kwa mtandio akalia, na mimi nikainuka kwenda kuangalia mizani ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Dakane alikuja. Mwenyewe alimpeleka mkewe kwa Sista Nuru, na jioni akamleta sheikh amsomee, na Sista Nuru akasema vyote viwili viendelee bila kimoja kumfukuza mwenzake. Jirani mmoja alichukua nafasi ya Ayeyo sokoni asubuhi, na Ayeyo akabaki na mtoto na zile pakiti. Mwezi ule Mahad alipanda gramu za kwanza, na mimi niliziandika kwa wino mweusi sana. Nasteha alichukua muda mrefu zaidi. Wiki moja Habiba angetoka akisema leo ameoga, iliyofuata angesema amerudi ukutani. Sikuona mstari wa kupanda mnaoupenda kwenye ripoti. Dawa ilimsaidia, au mumewe, au kusomewa, au siku zenyewe kupita. Nimeulizwa mara nyingi ni ipi, na sijui.

Fomu zake za zamani nilizifuta? Hapana. Zipo kabatini hadi leo, majibu sahihi kutoka juu hadi chini, na jina langu chini yake. Mkizisoma mtaona mama bora katika wadi nzima. Zisomeni.

Mzunguko wangu wa mwisho ulianguka Jumanne. Dakane alikuwa nyumbani, kwa hiyo kwa mara ya kwanza alinishika mkono akanikaribisha ndani. Nilivua viatu, nikaketi. Mahad alikuwa akitembea akishika ukuta, mkono wake kijani tupu kwenye utepe. Nasteha aliketi upande wa pili na birika. Uso mdogo, macho yaliyochoka, ushungi wa kahawia. Miezi yote ile nililiita jina lake kwa sauti kubwa na sikujua lina uso gani.

Alinitazama akasema, kwa Kiswahili fasaha kuliko changu, "Kumbe wewe ni mfupi."

Tukacheka. Ayeyo naye alicheka. Nilitaka kuomba radhi kwa ile hotuba ya pakiti, nikaanza vibaya, nikasema nilidhani muda wote ule ni yeye anayenijibu.

"Hata mimi nilikuwa nakusikia," Nasteha alisema. Alikuwa akimimina chai, na hakuacha kumimina. "Nimelala hapo ukutani, nasikia unauliza, Nasteha, ukitaka kumlisha mtoto unaanza na nini? Na Nasteha anajibu. Anajibu yote, hakosei. Kila Jumanne. Nikasema, basi huyu mtoto ana mama, tena mzuri. Mimi naweza kwenda."

Nikamuuliza, kwenda wapi?

Akaweka birika chini. Tulikuwa watu wazima watano katika chumba kile, Habiba, Ayeyo, Dakane, yeye na mimi. Alimvuta Mahad kwa shati akamkalisha mapajani, akamshika pale kwa mikono miwili. Hakunijibu, na safari hii hakuna aliyemjibia.